Mwalimu Nukta na Daftari la Michezo Arobaini

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wake wa rika zote, tumekuja kumsindikiza dada yetu mkubwa, mliyezoea kumwita Mwalimu Nukta. Mimi ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu watoto wake wamesema hawataweza kuufikisha mwisho. Hata mimi sijiamini sana, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda, mama fundi cherehani. Kabla hajajua kusoma alikuwa akimchorea mama mistari ya chaki kwenye kitambaa, na mama alimfundisha asiitazame chaki bali kule inakokwenda. Alikosea mara moja tu, suruali ya jirani ikatoka na mguu mmoja mfupi. Jirani aliivaa hivyo hivyo hadi ikachakaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1975 alihitimu chuo cha ualimu. Mistari mirefu aliiweza, lakini herufi zilimtoa jasho. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Mwenyewe alikiri kwamba kuku akikanyaga wino angeandika vizuri kumzidi. Shuleni alilazimishwa kunakili herufi kurasa kwa kurasa, na kila ukurasa ulizidi kuharibika. Ndiyo maana hakutaka mtoto yeyote aanze na herufi wakati vidole vyake bado havijawa tayari.

Januari 1976 alikabidhiwa darasa la awali, akabaki nalo hadi alipostaafu Desemba 2013. Watoto wake waliunganisha nukta, walimpeleka kuku bandani kupitia vichochoro vya penseli, na walichora nyumba kwa zamu, kila mmoja mstari mmoja. Kabla ya kuchora, mtoto alipitisha kidole hewani na kusema ataanzia wapi na atakata kona wapi. Raba za kufutia zilipigwa marufuku. Alieleza kwamba kwa michezo hiyo vidole hupata nguvu, jicho na mkono hupatana, na mtoto huzoea kufikiri kabla ya kutenda.

Si wote walioelewa. Mzazi mmoja alimjia juu: "Mwalimu, miezi mitatu mwanangu anachora kuku tu. Kuandika ataanza lini?" Marehemu alimvutia kiti kidogo cha darasani, akampa penseli na karatasi ya kuku na vichochoro vyake.

"Umepita ukutani, baba," alimwambia.

"Sikuuona."

"Hukuutazama. Mwanao anautazama."

Mzazi huyo yupo hapa leo, na amenipa ruhusa niwasimulie.

Alikuwa na kosa moja ambalo hakuacha kulitaja. Mwaka 1979, kwa muhula mzima, alikuwa akimhamishia penseli msichana mmoja kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, mpaka mtoto akaacha kuchora kabisa. Alipotambua, alimfuata hadi nyumbani kwao na kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Msichana huyo sasa ni muuguzi, na kwa miaka hii ya mwisho amekuwa mtoto wa nyumba hii.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, na fundi saa wa mtaa wa pili. Kabla ya hapo bwana huyo alimwandikia barua ya posa, akajibiwa kwa barua, kisha akaja mbio kwenye cherehani yangu. "Shemeji, hebu nisomee, hapa kaandika ndiyo au hapana?" Nikamwambia kwanza aache kuniita shemeji mpaka nimalize kusoma. Ilikuwa ndiyo. Waliishi vizuri hadi mumewe alipotangulia mwaka 2009, wakiwa wamejaliwa watoto watatu.

Baada ya kustaafu alianza kuchora michezo yake kwenye daftari. Alilenga arobaini. Mwalimu mkuu wa sasa alimwambia wazi: "Mama, niletee daftari lililokamilika niliingize darasani. Bila hivyo, michezo hii itaondoka na wewe." Maneno hayo yalimkaa moyoni kuliko alivyotuonyesha.

Tarehe 14 Februari 2022 alipatwa na kiharusi, na mkono wa kulia ukalala. Alikuwa amefika mchezo wa ishirini na saba. Alilia siku mbili, kisha akamwita yule muuguzi na kumwomba amfundishe kutumia wa kushoto. Walianza na mchezo wa kwanza kabisa, karatasi ikiwa imegeuzwa upande kama wanavyofanya wanaotumia mkono wa kushoto. Wiki ya pili marehemu akataka kuruka hadi wa tano.

"Mwalimu, rudi wa kwanza."

"Nimeshaujua huu, mwanangu."

"Kichwa kinaujua. Mkono bado."

Alinung'unika, akarudi. Ilimchukua miezi minane kufika tena wa ishirini na saba, na Novemba mwaka huo akachora wa ishirini na nane. Mistari ilitetemeka, lakini hakuna hata mmoja uliogusa ukuta.

Jumapili iliyopita alianza wa arobaini, akasema angeumaliza Ijumaa. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa moja asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya binti yake.

Mwalimu mkuu alikuja kutupa pole. Nilimkabidhi daftari nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamwambia wa mwisho una kuku na banda tu, katikati hakuna njia. Aliufungua ukurasa huo. Akasema, "Huo watauchora wao wenyewe. Jumatatu tunaanza na wa kwanza."

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake watatu, muuguzi wetu, na darasa zima.

Mchezo wa arobaini tumeuchapisha ukurasa wa nyuma wa karatasi mlizoshika. Watoto mlio hapa, penseli zipo kwenye kikapu. Dada, lala kwa amani. Raba hatujaleta.