Barua ya Kurasa Tatu

Katika teksi ya kwenda Kapata, Donatien wa ofisi ya mipango miji alikuwa akiipitia kwa fahari barua yake ya pili kwa wakazi, ya kurasa tatu, mpaka mama aliyekaa ubavuni mwake akaichungulia.

"Tata, ile ya kwanza padri alitusomea kanisani. Hakuna mutu mwenye alisikia kitu. Tuliitika tu Amina."

Donatien akaweka kidole kwenye aya ya mwisho. "Inasema barabara itapita mu manyumba."

"Basi andika vile. Na utaje ni manyumba gani."

Ushauri ulimwingia. Akaigeuza barua, akaandika mstari mmoja: Barabara mpya itapita kwenye nyumba namba 12 hadi 20, avenyu Mupanda.

Mama akausoma polepole, mara mbili. Teksi ikasimama.

"Sasa iko wazi," akasema akishuka. "Mi nakaa mu namba 14. Tata, mutusomee tena ile ya kwanza."