Elinipa Nnko, Aliyevunja Makopo ya Mkorogo

Elinipa, binti wa Mzee Anaeli Nnko, alizaliwa tarehe 6 Juni 1970 huko Poli, Meru, kwenye kihamba cha kahawa na migomba. Shangazi zake walisema alitoka tumboni amekunja ngumi.

Alianza shule ya msingi hapohapo Poli mwaka 1978. Akiwa darasa la nne, mvulana mmoja alimtemea mate msichana mwenye mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi. Elinipa alimpiga jiwe la mdomo, jino likaruka. Alichapwa viboko kumi, hakulia hata kimoja. Mvulana huyo ndiye Prosper Kaaya, aliyemwoa kanisani Poli tarehe 2 Desemba 1995. "Wenzangu walitoa ng'ombe," Prosper husema, "mimi nilianza na jino."

Baada ya kidato cha nne Elinipa alisomea maabara, akafanya kazi miaka ishirini na tisa katika kliniki moja ya ngozi, Themi. Alipenda antioksidanti za mimea kupita chakula. Ukimuuliza ni kitu gani, alikata ndizi vipande viwili, kimoja akakikamulia limau. "Subiri sasa." Saa moja baadaye kimoja kimekuwa cheusi, cha limau bado cheupe. "Umeona? Hewa inakula, limau linazuia. Majani ya chai nayo yana walinzi wa namna hiyo." Yeye na daktari wa kliniki waliwapa wanawake thelathini na wanane wenye mabaka meusi usoni krimu ya majani ya chai. Ishirini na mmoja walipata nafuu. Kumi na saba hawakupata, na hao ndio aliowaandika kwanza.

Wengi wao walikuwa wameunguzwa na mkorogo, ile krimu ya kujichubua ngozi, na mkorogo wenyewe waliununua Ngarenaro kwa Sadoki, mdogo wake wa damu. Tarehe 12 Februari 2025, Hope, binti wa Sadoki, alimjia uso umebanduka, unatoa maji. Alikuwa amejipaka makopo ya baba yake. Elinipa alibeba mchi, akaenda dukani.

"Dada, toka na majani yako ya mbuzi!"

"Mwanao amebanduka kama kiazi cha kuchemsha, na wewe unapanga makopo?"

Alivunja yote, mpaka rafu.

Kesho yake mchana Sadoki alimfuata Sekei, kwenye banda lake la kukaushia majani ya chai. Alimpiga nondo mkononi, kisha kichwani mara tatu, akalichoma banda Elinipa akiwa ndani. Hope ndiye aliyemvuta miguu akamtoa.

Damu ilivujia kwenye ubongo. Alipasuliwa mara mbili. Kaka yao mkubwa, Daniel, alimletea wodini jani la sale, mmea wa kuombea msamaha, kutoka kwa Sadoki. Kwetu sale ya mkosaji hairudishwi. Daniel aliomba pia kesi ifutwe.

"Sale nimepokea, kaka. Kesi sifuti."

Prosper akafoka: "Na jina la Sadoki lisisomwe kaburini kati ya ndugu zako!"

"Litasomwa, baba Catherine. Ni mdogo wangu. Na alichonifanyia kisomwe vilevile."

Alifariki tarehe 29 Aprili 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, Prosper, watoto wawili, Catherine na Godbless, wajukuu watatu, kaka yake Daniel, Hope, ambaye sasa anaishi nyumbani kwake, na mdogo wake Sadoki, aliye mahabusu kwa kumuua.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.