Taulo Kwenye Vitasa vya Memsabu

Sogea. Sogea zaidi, huyo anayepita ana masikio marefu. Haya, apa kwanza: gusa ulimi, gusa kifua, sema hutamwambia mtu, hata mume wako, hata kasisi. Umeapa? Vizuri. Sasa hata ukivunja si kitu, maana asubuhi hapo kisimani nilishamwambia Nyaguthii, na jambo likimfikia Nyaguthii, Kitale nzima italala nalo leo.

Basi palikuwa na kijiwe nyuma ya hoteli ya wazungu, si mbali na stesheni, miaka ile askari walipokuwa wamesharudi kutoka vita vya Bama. Benchi lilikuwa taruma kuukuu la reli juu ya mawe, na ncha yake moja ilikaa chini ya dirisha la kibanda cha Nasambu, yule mwanamke wa Chwele aliyeuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukakaa kama mgeni asiyeaga. Hoteli ilionekana paa tu, ikielea. Watu walisikika kabla ya kuonekana, na wakionekana, walionekana nusu. Ilikuwa asubuhi ya kukufanya ujiulize kama umeamka au bado.

Wa kwanza kutokea kwenye lango la nyuma alikuwa Wabwile, mtoto wa kaka yake Nasambu, ufagio kwapani. Huyu ndiye aliyekuwa boi wa vyumba pale hotelini. Kazi hiyo Nasambu alimtafutia mwenyewe, kwa kumbembeleza mpishi na kumshonea Memsabu, mzungu mwenye hoteli, foronya za mito zenye maua. Kabla ya hapo kijana alikuwa kwenye shamba la mzungu, akipukuchua mahindi katika vumbi mpaka kifua kikalia kama filimbi.

— Shangazi, nipe ya haraka. Leo Memsabu anaamua.

— Anaamua nini, mwanangu?

— Taulo zimening'inia tena. Vyumba vyote vya upande wa mikaratusi. Anasema wageni wa siku hizi hawataki kufagiliwa kila siku. Anasema basi boi wa vyumba wa nini? Ati nirudi shambani.

Akanywa, akaungua, akarudi ndani. Ukungu ukammeza na ufagio wake.

Sasa hilo la taulo usilipite. Desturi ya hoteli ile ilikuwa hivi: mgeni asiyetaka kusumbuliwa hutundika taulo kwenye kitasa cha mlango. Memsabu aliiweka desturi hiyo siku boi wa zamani alipoingia na ndoo akamkuta mzee wa kizungu ndani ya beseni, anaimba. Tangu hapo, ukiona taulo, unapita kwa vidole vya miguu. Hugongi, huulizi, hukohoi.

Wenye benchi wakaanza kufika. Alikuja Wekoye, dobi wa hoteli, aliyeitwa Sabuni ingawa harufu yake ilikuwa ya moshi. Akaja Kimaiyo, tuliyemwita Bama kwa sababu kila habari aliipitisha kule vitani kwanza. Mwisho akaja Rotich, mlinzi wa usiku wa hoteli, jina lake la kijiweni Macho. Alijisifu kwamba halali usiku na mchana halali pia, na kweli, alifika kijiweni uso umetulia kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Akakaa kwenye ncha yake ya kila siku, chini ya dirisha, kola ya koti kubwa la ulinzi ameisimamisha upande wa kushoto.

— Mmesikia ya Wabwile? Nasambu akauliza akimimina.

— Tumesikia, akasema Sabuni. Na mimi nasema Memsabu amekosea. Mzungu anataka kufagiliwa. Kweri kabisa! Shuka isiponyoshwa, hapati usingizi. Anajipindua usiku kucha kama chapati.

— Wewe unatetea shuka zako, Bama akamcheka. Zisipochafuka utafua nini, suruali yako hiyo moja?

— Iache suruali yangu. Nasema ya hoteli.

— Haya nisikilize mimi niliyeishi nao. Kule Bama tulikuwa na ofisa mmoja, alilala kwenye tope miezi. Vita vikaisha, akapewa kitanda safi. Unajua alifanya nini? Alilia! Ikabidi tumletee tope kwenye karai, aweke karibu na mto. Mzungu aliyeona vita hataki ufagio. Anataka kuachiwa vumbi lake, limzoee.

— Tope kwenye karai! Bama, wewe hiyo uliota.

— Niliota? Mimi ndiye nililichota!

Nasambu alicheka huku akiinama dirishani kumpa Rotich kikombe chake. Na hapo, mpenzi wangu, ndipo alipoona.

Ile kola iliyosimama iliwazuia wengine. Lakini yeye alikuwa juu, dirishani, na kutoka juu shavu la kushoto la Rotich lilikuwa wazi. Kwenye shavu hilo palikuwa na ua. Ua zima, limechapwa kwenye ngozi, lenye petali na bua na majani mawili, moja limepinda kulia bila sababu. Nasambu alilijua jani hilo. Alilishona yeye, jioni moja ya mvua, usingizi ukamchukua sindano ikiwa mkononi na jani likaenda linakotaka. Foronya ile ilikuwa kwenye kitanda cha chumba cha mwisho, upande wa mikaratusi.

Akamtazama Rotich. Rotich akamtazama. Birika likabaki hewani.

— Mama, akanong'ona mlinzi, uliloliona, lifukie.

— Nilifukie wapi? Nasambu naye akanong'ona.

— Kule lokesheni ninakoishi, mashine ya kusaga posho iko ukutani kwangu. Inanguruma tangu jua litoke mpaka lizame. Miaka sasa sijaota. Siku ya kwanza nililala pale dakika chache tu, chumba kilikuwa kitupu. Nikawaona ng'ombe wa mama yangu wanashuka kunywa maji, mmoja mmoja, na mama yuko nyuma yao anaimba. Mama, nitaachaje kurudi?

— Na taulo za majirani?

— Hao wanatoka alfajiri kwenda mashambani. Natundika zao pia, ndoo zisigongwe pembeni yangu. Naamka kwa ndoo, mimi. Apa hutasema.

Nasambu moyo ulilainika, akaapa. Gusa ulimi, gusa kifua, kama wewe hapo. Mtu huyu ndiye aliyelinda jiko lake na vikombe vyake usiku bila kuomba hata kahawa ya bure. Lakini akili ya Nasambu ilikuwa kwenye lango la nyuma, ikimsubiri Wabwile atoke amefukuzwa, kipande chake cha kazi mkononi. Kile kifua bado kilikuwa hakijapona vizuri.

— Mnanong'ona nini huko? Sabuni akauliza.

— Namwambia Macho asogee akae katikati, kuna joto zaidi, akasema Nasambu.

— Hapa panatosha, akasema Rotich, akaivuta kola.

— Hebu Macho, wewe unalinda usiku, Bama akamgeukia. Hao wageni wa taulo wakoje?

Rotich akakohoa. Nasambu akainamisha kichwa kando ya birika asikie vizuri. Alitaka kuona ataogelea vipi.

— Mimi nasema hivi, akaanza Rotich taratibu, kama mtu anayeongea kutoka mbali. Mtu akilala, ndoto yake haiishi. Inabaki kwenye shuka, ndani ya mikunjo. Usiku wa pili akirudi, anaikuta ilipoishia. Sasa boi anakuja asubuhi, anakung'uta shuka dirishani, paa, paa! Ndoto inaangukia kwenye majani. Mgeni anarudi jioni, analala, anakuta giza tupu. Wewe ungependa hivyo, bana?

Hata Bama alitazama ukungu kana kwamba kuna kitu chake kilichodondoka humo.

— Ndiyo maana! Sabuni akaruka. Bana, ndiyo maana! Jumamosi nilisuuza shuka za upande ule, maji yakatoka na manyoya. Nikayaangalia juani. Manyoya ya ng'ombe!

— Ng'ombe? Kitandani kwa mzungu?

— Mekundu na meupe. Nikajiuliza ng'ombe amepitia wapi, dirisha ni dogo. Kumbe wametoka kwenye ndoto!

Nasambu akalitazama blanketi la ngozi lililochungulia chini ya koti la Rotich, ngozi ya ng'ombe mwekundu na mweupe, akaumwa na kicheko akakimeza na kahawa.

— Basi ni zaidi ya hapo, Bama akasema, sauti imeshuka. Huyo si mgeni wa kawaida. Je, mmewahi kumwona akishuka kwenye treni? Hamjamwona. Mimi nasema kuna treni inayokuja ndani ya ukungu, haina moshi wala filimbi, imejaa watu waliochoka sana. Wanashuka wamelala, wanatembea wamelala, wanaingia vyumba vya mikaratusi. Ukifagia chumba hicho wataamka, na wakiamka watajua wako Kitale.

— Na ng'ombe wao?

— Behewa la nyuma.

— Usinitie baridi, bana. Mimi ndiye ninayefua shuka zao!

— Zifue polepole.

Hapo sauti ya kike ikatoka ukunguni, ikafuatwa na mwanamke mwenyewe, kibuyu cha maziwa mgongoni na miguu imelowa umande. Akasema jina lake ni Jerono, ametoka kule juu mlimani, na kuanzia leo yeye ndiye atakayeleta maziwa ya jikoni hotelini. Nasambu akampa kikombe, akapewa na nafasi mwisho wa benchi, na Sabuni akamweleza yote, taulo, tope, ndoto, ng'ombe, treni. Jerono alisikiliza bila kucheka, akipuliza kahawa.

— Nimeelewa, akasema. Kitu kimoja tu. Hao wageni wa taulo, chai ya asubuhi wanapelekewa na nani?

Sabuni na Bama wakatazamana.

Maana kila mtu aliyewahi kupita karibu na hoteli alijua: mzungu anaweza kukataa ufagio, anaweza kukataa maji ya moto, hata kasisi anaweza kumkataa. Lakini chai ile ya kitandani, kabla hajavaa viatu, hakuna aliyewahi kuikataa. Bama akatafuta mfano wa vitani, akakosa.

— Nauliza kwa ajili ya maziwa, Jerono akaongeza. Nijue nilete kiasi gani.

— Macho, akasema Bama polepole, wewe uko pale alfajiri. Chai inakwenda upande ule?

Rotich alitazama ndani ya kikombe chake kama kina mlango.

Kabla hajajibu, lango likalia. Memsabu akatokea, buti za mvua miguuni, taulo limetundikwa mkononi. Nyuma yake alikuwa Wabwile, hana ufagio tena. Macho yake yalimtafuta shangazi yake dirishani, na alipompata, akatikisa kichwa kidogo sana.

— Wewe, Nasambu, akasema Memsabu kwa Kiswahili chake cha kukata kata. Mimi nataka wewe jua. Kijana yako hapana baya. Lakini wageni hapana taka kusafisha kila siku. Taulo, taulo, taulo, kila mlango. Leo yeye maliza.

Wabwile akakohoa. Filimbi ile ikalia kifuani, nyembamba, kama inatoka shambani kwenyewe.

Nasambu alikuwa ameapa, na kiapo ni kiapo. Hakusema neno juu ya ua. Hakusema neno juu ya kitanda. Aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga, akainama dirishani na kumwambia mlinzi kwa upole kabisa, kama mama anayemkumbusha mtoto adabu mbele za watu:

— Macho, huyo si Memsabu? Hupigi saluti leo?

Sasa na hili ulijue: Memsabu alikuwa mjane wa mwanajeshi, na saluti kwake haikuwa mchezo. Mlinzi asimame wima, akabili mbele, koti lifungwe, na kola, tena kola zaidi ya yote, ishushwe. Rotich alikuwa amefanya hivyo kila jioni na kila alfajiri kwa miaka. Mwili wake ulijua bila kumwuliza. Kabla akili haijafika, miguu ilishasimama, vidole vilishafunga vifungo, mkono wa kushoto ulishashusha kola, na wa kulia uko kwenye paji la uso, umekakamaa.

Na ukungu nao, mchongezi mkubwa, ukaamua kuondoka dakika hiyo hiyo. Jua likapita juu ya mabati, likamwangukia shavuni.

Petali zote zilikuwepo. Bua lilikuwepo. Jani lililopinda lilikuwepo.

Sabuni akaangusha kikombe. Bama akasema jina la Mungu kwa lugha ya kwao. Wabwile alimtazama mlinzi, akalitazama taulo mkononi mwa Memsabu, na mdomo ukaanza kumfunguka taratibu.

Memsabu akasogea hatua, akasogea nyingine, mpaka pua yake ikawa karibu na shavu. Akanyoosha kidole kimoja, akalifuata jani lile hewani bila kuligusa, linavyopanda, linavyokwenda upande.

— Hii, akasema, ni mto yangu.

— Basi hakupelekewa chai, akasema Jerono mwisho wa benchi. Maskini.

Na Rotich, mtu ambaye hakuwahi kulala usiku wala mchana, akabaki wima mbele yao wote, saluti juu, ua shavuni, na macho ameyafumba.