Gogo Lililomgomea Fundi Pasua

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na liliwekwa mlangoni mwa karakana ya Fundi Pasua, mahali pazuri pa kunywa kahawa huku ukimtoa kasoro mtu anayefanya kazi. Asubuhi hiyo kazi yenyewe ilikuwa imegoma. Mashine ya kupasulia mbao, ile inayokokotwa na gari mpaka gogo liliko, ilikuwa imetoa moshi wa kutosha kuivisha maharage, lakini ubao hata mmoja haukutoka. Mbele yake lililala gogo jeusi la mti wa ng'ambo, zito ajabu. Kipande chake walikitupa kwenye pipa la maji kikazama moja kwa moja. Na Fundi alikuwa amemwahidi mama mkwe wake mlango wa gogo hilo hilo, tena mbele ya mashemeji wote, kifua mbele: "Mama, mti wa kunishinda mimi bado haujaota." Mama mkwe alikuwa njiani kuja kuziona mbao zake.

— Tatizo ni umri, alisema Profesa, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Huu mti ulishakuwa jiwe, halafu ukabadili mawazo.

— Jiwe gani linalotoa moshi? aliuliza Kamanda, mlinzi mstaafu. Humo ndani kuna kitu kimefichwa. Mimi nimelinda maghala miaka thelathini, gogo lenye siri nalijua kwa kulitazama.

— Siri gani?

— Ningeijua ingekuwa siri?

Fundi hakucheka. Mti mgumu unataka mwendo wa pole, maji ya kupoza na meno makali, na vyote alikuwa amevitimiza. Msumeno wa mashine ile ni mkanda mrefu wa chuma unaozunguka magurudumu mawili, na asubuhi ile ile alikuwa amefunga mpya kabisa. Ulikuja umekunjwa. Alipokata waya wake uliruka, ukajinyonganyonga hewani, ikabidi benchi zima limsaidie kuudaka, kila mtu amefumba macho.

— Labda huo mti hausikii lugha yetu, alisema Muuza Kahawa akiwamiminia. Mgeni huyo. Mmemkaribisha?

— Nimemmwagia maji ndoo tatu, alisema Fundi.

— Mgeni anakuja kwako unammwagia maji, halafu unashangaa amenuna!

Profesa alisimama. Akisimama ujue mambo yameharibika.

— Jamani, tumelitazama hili jambo kinyume. Si msumeno unaokata gogo. Ni gogo linalokata msumeno! Upimeni, mtakuta umepungua.

Kamanda, ambaye kwa kawaida humpinga Profesa hata akisema kumekucha, alikwenda akaupima msumeno kwa mkanda wa suruali yake. Alirudi ameshika suruali kwa mkono mmoja.

— Umepungua, alisema.

— Kutoka ngapi? aliuliza Fundi.

— Mwanzo sikuupima. Lakini umepungua.

Fundi aliketi benchini kando ya Profesa, aliyekuwa amekaa tena, akajishika kichwa. Akilini alimwona shemeji yake mkubwa akisimulia kisa hiki kwenye kila sherehe mpaka wajukuu wazeeke. Aliona aibu kabla aibu yenyewe haijafika.

— Hodi hapa!

Ilikuwa imefika. Mama mkwe, mshonaji wa nguo tangu ujana wake, alisimama na bawaba mbili mpya zilizofungwa kwenye kitambaa.

— Shikamoo, mama! Fundi aliruka kutoka kwenye benchi, na tofali likaanguka, na Profesa pia.

— Marahaba, baba. Mbao zangu ziko wapi?

Wote walimjibu kwa pamoja: jiwe, siri, ugeni, kupungua. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku akiitazama mashine.

— Mimi mashine yangu ni cherehani tu, alisema. Sindano nikiipachika kinyume, haishoni hata leso. Sasa nawauliza: meno ya huo msumeno yanalitazama gogo, au yamelipa kisogo?

Profesa alikohoa. Kamanda alikumbuka kufunga mkanda wake. Muuza Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe, na birika halikutoa kitu.

— Mimi nilishika kule mwisho tu, alisema Kamanda kwa sauti ndogo.

Fundi alikwenda kwenye mashine, akapitisha kidole juu ya meno taratibu, mara ya kwanza akienda, mara ya pili akirudi. Masikio yakamwaka moto. Mama mkwe alikuwa amemfuata, akamwinamia sikioni.

— Ufungue, uugeuze upande wa ndani uje nje, kama mkono wa shati. Shemeji zako hawatasikia kwangu.

 Fundi alitamani kumshika mkono, lakini ni mkwe. Akainamisha kichwa tu, akachukua spana.

Mama aligeukia benchi, akapaza sauti:

— Jamani, hili gogo kumbe gumu kweli!

— Si niliwaambia! alisema Profesa, akijipangusa vumbi.

Baada ya robo saa mashine iliimba, ubao wa kwanza ukatoka mweusi na laini, na unga wa mbao ukawamwagikia wote benchini.

— Mnaona? alisema Kamanda, akipiga chafya. Siri imetoka.