Watu Kumi wa Kumchangia Graveto

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya baa ya Dona Zuleide lilijaa mapema, na karibu wote walikuwa wamekunja mikono ya shati. Ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa kanisa, gari la kukusanya damu lilikuwa halijafungua. Graveto, yaani Kijiti, winga wao wa zamani, amelazwa. Kesho moyo wake unapasuliwa, na hospitali imetaka watu kumi wa kumchangia damu. Porteira alikuwa amekusanya tisa, yeye wa kumi. Porteira kwa Kireno ni lango la ng'ombe: alipewa jina hilo enzi akidaka, kwa kuwa kila mtu alipita. Miaka arobaini alijitapa kwamba hakuna amjuaye Graveto kumzidi yeye.

Zogo lilikuwa lilelile: kwa nini Graveto hakuitwa timu ya taifa. Açúcar, yaani Sukari, aliyeitwa hivyo kwa ugonjwa wake, ambaye siku hiyo alikuja kuchangia maoni tu, alisema kocha alimwona mvivu.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, — Porteira akasema. — Ndiyo maana hakutembea hata uwanjani. Mpira ulimfuata.

Telegrama, tarishi mstaafu, akaapa kwamba barua ya kumwita ilitumwa ikapotelea njiani. Si mikononi mwake, akaongeza haraka. Yeye alimpelekea magunia ya barua, nyingine zimeandikwa "Graveto, Brazili" basi, na zilifika.

— Hiyo moja lazima ilikuwa na anwani kamili, — Açúcar akasema. — Ndiyo maana ikapotea.

Porteira akawafunga mdomo wote: mke wa kocha alilalia picha ya Graveto chini ya mto. Kahawa ikazunguka tena.

Ndipo binti wa gari la damu akavuka barabara na fomu zake. Graveto alitundika daluga kabla binti huyu hajazaliwa.

— Mnamchangia nani, wazee wangu?

— Graveto, — wakajibu kwa pamoja.

— Jina lake kamili? La kwenye cheti. Bila hilo, damu yenu haihesabiwi kwake.

Benchi zima likamgeukia Telegrama. Telegrama akamgeukia Porteira. Porteira alijua jino la Graveto lilivunjwa na kiwiko cha nani, alijua mguu anaotanguliza akiingia uwanjani. Dona Zuleide akaitazama picha juu ya birika, yenye sahihi: Graveto.

— Hana mke? Mtoto?

— Hana.

— Mama yake alimwitaje?

— Graveto, — Porteira akasema, taratibu.

Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

— Unakwenda wapi, bwana? — Açúcar akauliza. — Gari linaondoka saa sita.

— Kumwuliza.

Ndani ya basi la kwenda hospitali alitafuta pa kuanzia. Unamwulizaje hivyo rafiki wa miaka arobaini, kitandani, na kesho anapasuliwa? Akaona bora atangulize jina lake mwenyewe, ambalo pale benchini nalo halijapata kutajwa. Akalijaribu kwa sauti ya chini, dirishani:

— Mimi naitwa Gumercindo.