Sanamu Iliyowekewa Dhamana

Habari ambayo haijapita benchi la Bi Mvuke, pale kona inayotazamana na bustani, bado haijawa habari. Asubuhi ile alikuwa akimimina kahawa kama kawaida yake, kidole kidogo kimenyooka juu kana kwamba hakitaki kuchangamana na wenzake, lakini moyoni alifukuta kuliko jiko. Binti mchongaji alikunywa kahawa hapo msimu mzima huku akichorachora, naye Bi Mvuke akautangazia mtaa: sanamu inayokuja bustanini ni mimi! Akaapa hata mbele ya wifi yake, ambaye kwa umri ni mdogo kwake ila hajamwamkia tangu Bi Mvuke aolewe katika ukoo ule: "Kama sanamu si mimi, shikamoo nitakupa mimi." Jana yake kitambaa kilichoifunika kikavutwa. Loo! Msichana wa shaba, uso laini kama yai, mkononi kipande cha sabuni. Na chini yake kibao: Sanamu hii imedhaminiwa na Kampuni ya Sabuni.

— Nasubiri shikamoo yangu, wifi, alisema wifi mtu, kajipanga benchini kama bibi harusi.

— Kunywa kahawa kwanza.

Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa anaijua mahabusu kuliko kitanda chake, akanyoosha kidole kwenye kibao.

— Mnagombania shikamoo na kusoma hamsomi! Imedhaminiwa. Mtu hadhaminiwi kama hajakamatwa.

— Kakamatwa kwa lipi? aliuliza Redio, ambaye hasemi, hutangaza.

— Mtazame mkononi. Sabuni! Kashikwa na ushahidi.

— Enhee! Halafu kampuni yenyewe ikamwekea dhamana?

— Mwizi wa sabuni naye ni mteja, ila hana subira.

— Ndiyo maana hatikisiki! Redio akaruka. Masharti ya dhamana: asitoke nje ya mji!

— Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu.

— Methali siyo hiyo, Wakili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu hatembei, kwa hiyo hana hatia!

— Usiharakishe hukumu. Hili ni genge. Yule farasi wa sanamu mbele ya benki, si naye ana kibao? Mnadhani kadhaminiwa kwa nini?

— Kwa nini?

— Kampiga mtu teke. Mguu si bado uko juu!

Bi Mvuke alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa aproni. Wifi akaona mlango wazi, akaingia.

— Basi, wifi, kama kweli ni wewe, mwizi ni wewe. Chagua: wizi au shikamoo.

Bi Mvuke akarudi kwenye birika lake. Kusema kweli alishaanza kuitafuta ile shikamoo, aone itatoka kwa mlango gani. Hapo ndipo alipofika muuguzi mmoja, katoka zamu, mgeni wa benchi. Akaomba kahawa. Bi Mvuke akainua birika, na muuguzi, katika kusubiri, akaitazama sanamu.

— Samahani jamani, kwani sabuni hushikwa hivyo?

— Hivyo vipi? aliuliza Wakili.

— Kidole kidogo juu. Si itateleza?

Redio akakosa mawimbi. Wote wakatazama mkono wa shaba, wakatazama mkono ulioshika birika, wakarudi kwenye ule wa shaba. Kampuni ilibadili uso, ikageuza birika kuwa sabuni, kidole ikakisahau.

Kahawa ikafurika kikombe, ikamwagikia mguu wa Wakili, naye macho bado yako kwenye shaba.

— Shika... wifi alianza.

— Malizia, mwanangu, alisema Bi Mvuke, kidole juu. Mimi niko nje kwa dhamana, sina pa kwenda.