Kiti cha Nyuma

Nje ya karakana ya magari ya matajiri, mjini Derby, kulikuwa na benchi ambalo mafundi walilikalia kunywa chai, ukungu wa asubuhi ukiwapita magotini. Siku hiyo Ambrose Tunnicliffe, mfua springi waliyemwita Mzee Chuma, hakuigusa chai yake. Gari la Bi. Wetherby lilikuwa limerudishwa mara ya tatu. Ajuza huyo, aliyevunjika nyonga, alitaka kumwona dada yake huko Buxton kabla mmoja wao hajafa. Lakini kila akipanda, gari linamrusha mpaka analia.

— Tatizo upepo wa magurudumu, alisema Hesketh, dereva wa majaribio, jina la kijiweni Profesa. Tupunguze.

— Toka hapa! alidakia Obadiah, fundi wa viti. Dawa manyoya ya bata. Nijaze mpaka yamfike kiunoni.

— Atazama apotee! Profesa akapinga. Bora tukining'inize kiti kwa kamba, kama bembea. Gari litikisike peke yake huko chini.

— Na kwenye kona?

— Afumbe macho!

Wakacheka. Mzee Chuma alitazama ukungu tu, akiwaza gari linalopita juu ya ukungu huo bila kugusa ardhi.

— Samahanini, baba zangu.

Alikuwa Dorcas, muuguzi wa Bi. Wetherby, aliyekuja kuulizia gari.

— Kati yenu, nani ameshawahi kupanda kiti cha nyuma?

— Nyuma huwa tunapakia magunia ya mchanga, dada, Profesa akasema kwa sauti ndogo. Uzito wa watu watatu walioshiba.

— Mama hafiki hata gunia moja. Na nyuma hukaa peke yake.

Mzee Chuma akainuka, akapanda nyuma kwenye gari la Bi. Wetherby. Profesa akaendesha, Dorcas kando yake. Barabara ya mawe ikamtwanga mzee mgongo, kofia ikamruka. Miaka thelathini anafua springi, hajawahi kuzikalia! Zilikuwa ngumu, zikingoja mzigo usiokuwepo.

Waliporudi akaingia uvunguni mwa gari, akachomoa mabamba mawili ya springi kila upande ili zilegee, akazifunga upya. Wakatoka tena.

Sasa mawe yalisikika kwa mbali, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Miti ikapita taratibu. Mzee akaegemea.

— Vipi huko, Mzee Chuma?

Dorcas akageuka. Mzee amelala fofofo, mdomo wazi.

— Nisimame?

— Usithubutu, Dorcas alinong'ona. Geuza polepole, tukamchukue mama.